Ulimi wa Bwana Mkono

Mpishi mkuu wa shule ile ya bweni alikuwa na majina mawili. Moja alipewa na wazazi wake, likabaki kwenye makaratasi ya ofisini. La pili alipewa na wanafunzi: Bwana Mkono. Hilo la pili ndilo alilolipenda, ingawa alijitia kulikasirikia. Alilipata kwa sababu hakupima kitu maishani mwake. Miaka ishirini na sita alipikia watoto mia tano, na hakuna aliyewahi kumwona ameshika kijiko cha kupimia. Alisimama mbele ya sufuria la maharage lililomfika kifuani, akachota chumvi ngumi mbili na kiganja, akarusha, akaenda zake kukagua kuni. Wapishi wapya waliokuja na vijiko na daftari aliwatazama kwa huruma. Kupima, aliwaambia, ni kwa watu wasiojiamini.

Sasa sikia siri yake. Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia aliugua mafua makali, ya kulala kitandani wiki nzima. Mafua yalipoondoka yaliondoka na chumvi. Utamu wa sukari ulirudi, ukali wa pilipili ulirudi, uchungu wa dawa ulirudi, lakini chumvi haikurudi. Alilamba punje zenyewe zilivyo, akasikia zinamkwaruza ulimi tu, basi. Alingoja mwezi, akangoja miwili, akasukutua kwa kila kitu kinachosukutuliwa. Alipoona haiji, alinyamaza. Mpishi akijulikana haonji chumvi, unga wake umeshamwagika, anangoja tu kuambiwa. Naye hakuwa tayari kuambiwa.

Shuleni alinusurika kwa sababu mbili. Ya kwanza, sufuria lilikuwa lile lile na watoto ni wale wale mia tano, kwa hiyo mkono ulijua njia hata ulimi ulipopotea. Ya pili ni Mama Masufuria. Huyu alikuwa mama wa makamo, mwosha vyombo, mwenye mabega ya mbeba mizigo na maneno machache, na alikaa na beseni lake karibu na mlango wa jiko. Aligundua mwenyewe, siku Bwana Mkono alipopakua mboga chungu kwa chumvi huku anatabasamu. Hakumsema. Kuanzia siku hiyo mzee alimpelekea upawa mmoja kila mara kabla ya kupakua, kama anayempa mwenzake kifungua kinywa. Akionja akakohoa mara moja, chumvi pungufu. Akikohoa mara mbili, imezidi. Akinyamaza, pakua. Miaka miwili wakaenda hivyo, na mwalimu wa zamu alimwonea huruma yule mama kwa kifua chake kibovu.

Nyumbani Bwana Mkono aliishi na binti yake wa pekee na mjukuu. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Binti alifanya kazi kaunta ya posta, mwanamke wa kunyoosha mambo, bahasha zake zote zikitazama upande mmoja. Ndiye aliyepika nyumbani, kwa hiyo hakujua lolote kuhusu ulimi wa baba yake. Mjukuu alikuwa na miaka miwili na nusu, wakimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukufunga. Aliuliza hiki nini, kile nini, na ukimjibu aliuliza tena jibu lenyewe ni nini. Babu yake alimpenda mtoto yule kupita kiasi, mpaka mtu unamwonea aibu.

Posta ikamwita binti kwenye semina mji mwingine, siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano. Shule ilikuwa imefungwa na jiko limelala. Binti alisitasita, akataka kumwomba jirani. Baba yake karibu akasirike. Alimwuliza kama mtu aliyelisha watoto mia tano atashindwa na mmoja, tena kibonge kama yule. Binti akacheka, akafunga begi, akaondoka.

Jumanne asubuhi Chiriku aliamka ameharisha. Akabadilishwa, akaharisha tena. Maziwa aliyopewa yalirudi yote kwenye shati la babu. Kufikia saa nne nguo za kubadilisha zilikuwa zimekwisha na mtoto amejikunja kwenye mkeka, ameshika tumbo, haulizi kitu. Kimya kile ndicho kilichomtia mzee hofu. Kilio angekivumilia.

Habari ikatoka nje na ushauri ukaingia ndani. Jirani wa kulia alisema tumbo lipumzishwe, mtoto asile wala asinywe mpaka jioni. Jirani wa kushoto alisema apewe soda iliyotolewa gesi. Mwenye duka la pembeni akaleta chai ya rangi na neno lake. Wote walisema kwa uhakika kamili na kila mmoja alikuwa na mtoto wa shangazi yake aliyepona kwa njia hiyo. Bwana Mkono aliwasikiliza wote, akachanganyikiwa zaidi kuliko alivyoanza.

Akampigia binti yake. Binti alitoka nje ya ukumbi wa semina kujibu, na sauti yake ilishuka kama ya mtu anayesoma maagizo. Soda hapana, kumnyima hapana. Maji lita moja yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo, kila akiharisha anywe tena. Na chakula asikatizwe: uji mwepesi, ndizi mbivu ya kuponda, wali laini.

"Pima, baba," alisema mwishoni. "Tafadhali. Usitie kwa mkono."

"Nimesikia," alijibu.

Alikata simu akiwa amenuna kidogo. Yeye huyu, aambiwe kupima. Hata hivyo alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya awe mwepesi: alichemsha maji, akayapoza kwa kuyamiminamimina, akajaza jagi la plastiki. Kijiko cha chai kilikuwa pale pale kwenye glasi, juu ya sinki. Nakwambia hili ili ulijue: kilikuwa mbele ya macho yake. Lakini mkono ulikuwa umeshaingia kwenye kopo la sukari, kama ulivyoingia kila siku kwa miaka ishirini na sita. Sukari ikaenda. Kisha kopo la chumvi, vidole vitatu, ikaenda.

Akakoroga, akaonja. Maji matamu. Chumvi haikuwapo.

Alijua kwa nini haikuwapo. Hakuwa mjinga. Lakini beseni la Mama Masufuria halikuwa mlangoni, hakuwapo wa kukohoa, na mtoto alikuwa analia. Akawaza kwamba mtoto anapoteza chumvi kwa kuharisha, na akimpa pungufu atamwua. Ile ya kuzidi haikumjia kichwani kabisa, kwa sababu vidole vitatu kwa mtu wa sufuria la lita mia ni vumbi tu. Akaongeza. Akaonja, akakosa. Akaongeza tena. Akajiambia kwamba pale ulimi wake utakaposikia japo kwa mbali, hapo itakuwa imetosha. Mara ya nne akasikia kitu chembamba pembeni mwa ulimi, akafurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili.

Chiriku alikunywa funda moja akalitema. Akakunja uso, akamtazama babu yake kama mtu aliyepigwa bila kosa. Mzee akambembeleza, akamwambia hii ni dawa, bibi mdogo, dawa haiwi tamu. Alipokataa tena alimpakata, akamshika kidevu, akamnywesha kwa kijiko. Kijiko kimoja, pumzika, kijiko kingine. Alitapika, akamnywesha upya. Mtoto akawa analilia maji, maji, maji, akinyoosha kidole kwenye mtungi, naye babu akamletea jagi. Aliona akimpa maji matupu atalishibisha tumbo na dawa itakosa nafasi. Alipika na uji mwepesi kama alivyoagizwa, akautilia chumvi kwa njia ile ile. Mtoto akautema, na mzee akahitimisha kwamba tumbo limekataa chakula.

Jioni binti alipiga. Aliuliza kama amekunywa, akaambiwa amekunywa karibu jagi zima. Akauliza kama alipima.

"Nimepima," alisema Bwana Mkono.

Jumatano asubuhi Chiriku alikuwa anawaka moto. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka mpaka inapasuka, na nepi aliyofungwa tangu alfajiri ilikuwa kavu. Alilia kilio chembamba, cha juu, ambacho si chake. Ukimgusa alishtuka mwili mzima, kisha akasinzia katikati ya kulia, akaamka, akasinzia. Mzee alimwita kwa majina yake yote. Alimwuliza hiki nini, akimwonyesha kidole chake mwenyewe. Mtoto alikitazama kidole kile asikione.

Akampigia Mama Masufuria, aliyekaa mtaa wa pili, akamwambia tu njoo. Yule mama alifika hata hajafunga kilemba vizuri, na kichane cha ndizi mbivu mkononi, maana alishasikia mtaani ni tumbo. Alimwangalia mtoto, akaweka ndizi chini. Akauliza amekula nini. Akauliza anakunywa nini. Bwana Mkono akamwonyesha jagi, la pili hilo, limebaki robo.

Mama Masufuria alilinyanyua akaonja, kwa mazoea tu, kama anavyoonja upawa. Alikimbilia sinki akatema. Akasukutua, akatema tena. Aligeuka akamtazama mzee, na safari hii hakukohoa.

"Umemnywesha hii?"

"Tangu jana."

Mama Masufuria alimfunga mtoto kwenye shuka, akamtia mzee mikononi, akachukua mkoba wake na wakatoka. Njiani Bwana Mkono alikuwa anaongea peke yake, maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Alikuwa ameelewa. Tangu yule mama alipotema alikuwa ameelewa, na alitamani kuelewa huko kumtoke kichwani.

Hospitalini waliingizwa bila kupanga foleni, jambo ambalo lilimtisha zaidi. Muuguzi wa zamu, mwanamke mchangamfu, alimvua mtoto nguo, akambana ngozi ya tumbo na kuiachia, akamwita daktari. Kisha akachukua fomu na kalamu. Alipoinua uso ili aulize, akatabasamu.

"Mzee, si wewe mpishi wa shule? Wanangu wote wawili wanakula kwako. Wakija likizo wananiambia mama, hujui kupika."

Bwana Mkono akaitikia kwa kichwa. Muuguzi akauliza mtoto ameharisha tangu lini, ametapika mara ngapi, amepewa nini. Maji ya sukari na chumvi, akajibu mzee. Vizuri sana, akasema muuguzi, akaandika. Sukari kiasi gani? Chumvi kiasi gani?

Nyuma ya muuguzi, ukutani, kulikuwa na bango lenye picha ya jagi. Vijiko sita. Nusu kijiko. Herufi kubwa, hata asiye na miwani angesoma. Mzee alimtazama muuguzi, akawaona wanawe wawili nyuma yake, na nyuma yao watoto mia tano na sahani zao, na mwalimu mkuu amesimama mlangoni mwa jiko.

"Sukari vijiko sita," alisema. "Chumvi nusu kijiko."

Muuguzi akaandika. Akasema ndivyo inavyotakiwa, laiti wazee wote wangekuwa hivi. Daktari, dada mwembamba asiyepoteza muda, akasoma fomu na kuagiza dripu, ya haraka, chupa nzima ya kwanza kwa saa moja, maana mtoto amekaukiwa mno. Akatoka kwenda chumba cha pili kuchukua vifaa.

Mama Masufuria alikuwa amesimama ukutani na mkoba wake. Akakohoa. Kisha akakohoa tena.

Muuguzi alimwuliza kama ana kifua, akamwambia akae mbali na watoto. Bwana Mkono hakugeuka. Kikohozi kile alikijua kuliko jina lake. Angeweza kunyamaza, kwani yule mama asingemtaja, alikuwa amemfichia miaka miwili na angemfichia mpaka kaburini. Alimtazama mjukuu wake kwenye kitanda kile kirefu cha watu wazima. Vidole vya mtoto vilikuwa vinatetemeka kidogo kidogo, vyenyewe tu.

Alitoka mbio. Mtu wa miaka sitini, tumbo mbele, viatu vya kuvaa haraka, alikimbia kwenye korido ya hospitali mpaka mfagizi akampisha. Alimkuta daktari anarudi na chupa mkononi.

"Nimesema uongo," alimwambia. "Sikupima. Nilitia kwa mkono. Nimetia mara nne, na jagi la pili hivyo hivyo, na uji pia."

Daktari alisimama. "Hukuonja?"

"Nilionja. Ulimi wangu hausikii chumvi. Miaka miwili sasa, mimi sisikii chumvi."

Muuguzi alikuwa ametokea mlangoni, amesikia. Wagonjwa wawili kwenye benchi walisikia pia, na mfagizi. Mzee hakujali, au alijali lakini alikuwa ameshalisema. Nyuma ya muuguzi akaja Mama Masufuria, akafungua mkoba wake na kutoa jagi, limefunikwa kwa mfuko, na lile robo la maji ndani. Alikuwa amelibeba tangu nyumbani. Daktari alichovya kidole akaonja, uso ukambadilika, akamkabidhi muuguzi alipeleke maabara pamoja na damu ya mtoto.

Alimweleza mzee kwa ufupi, wakiwa wanatembea. Mtoto aliyekaukiwa tu hujazwa maji haraka. Aliyejaa chumvi akijazwa haraka, maji hukimbilia kwenye ubongo, ukavimba, akapata degedege, na wengine hawarudi. Kwa hiyo sasa watakwenda taratibu, tone kwa tone, leo na kesho yote, na kila baada ya muda watapima damu. Degedege bado inaweza kuja. Yeye kazi yake ni kukaa hapo na kuangalia mikono na macho ya mtoto, akiona kinachotikisika aite.

"Ungeniambia kesho," alisema daktari, "ningekuwa nazungumza na wewe mambo mengine."

Alikaa. Kuanzia saa sita mchana mpaka jua linazama alitazama mikono miwili midogo na macho mawili. Alihesabu matone ya dripu, akapotea, akaanza upya. Mara mbili aliita bure, na mara zote mbili muuguzi alikuja bila kulalamika, lakini hakutabasamu tena na hakumwita mpishi. Mama Masufuria alikwenda kumpigia binti simu, akarudi akasema yuko njiani. Mzee alitamani afike na alitamani asifike.

Binti aliingia jioni, kadi ya semina bado inaning'inia shingoni. Alipita moja kwa moja kitandani, akamgusa mtoto paji la uso, tumbo, miguu. Kisha akageuka kumwuliza baba yake, na baba yake hakumwacha aulize. Alimwambia yote. Alianza na mafua ya miaka miwili iliyopita, akaja kwenye kikohozi cha jikoni, akaja kwenye jagi. Hakujitetea. Alisema na ile ya kumshika kidevu.

Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuuliza kwenye simu," alisema.

"Uliniuliza."

"Nikakuuliza umepima."

"Nikasema nimepima."

"Toka nje, baba."

Akatoka. Alikaa kwenye benchi la korido, mikono imewekwa magotini kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwachia amshikie. Mama Masufuria alikaa kando yake. Kulipokucha alikuwa bado pale, na muuguzi mwingine aliyeingia zamu alidhani ni mgonjwa.

Alhamisi mchana Chiriku alikojoa. Habari ile ilipita kwenye wodi kama habari ya harusi. Muuguzi alitoka na nepi mkononi kuionyesha. Bwana Mkono aliinama akalia waziwazi, kwenye benchi, mbele za watu. Degedege haikuja. Damu ilipopimwa tena, chumvi ilikuwa inashuka kama inavyotakiwa, taratibu. Ijumaa wakaanza kumlisha. Muuguzi alimwelekeza binti, naye akaandika kila kitu nyuma ya makaratasi ya semina: uji mwepesi, ndizi ya kuponda, kiazi cha kuchemsha, wali uliolainishwa, vijiko vichache kila mara, asilazimishwe. Binti alipika kwa kupima, na kabla ya kumpa mtoto alionja. Kila kijiko. Aliweka mdomoni, akasubiri, ndipo akampa. Mtoto alimtazama anavyofanya, akafungua mdomo.

Siku hiyo binti alimruhusu baba yake aingie. Hakumsamehe, alimruhusu tu. Mzee aliomba ampe mjukuu maji, maji matupu ya kunywa, akayaleta kwenye kikombe. Chiriku alipokiona kikombe kwenye mkono ule alifunga mdomo kwa nguvu mpaka midomo ikapotea, akageukia ukuta. Hakulia. Babu yake aliweka kikombe mezani, akasema si kitu, bibi mdogo, si kitu. Alikwenda kusimama dirishani, akakaa huko muda mrefu.

Jumamosi waliruhusiwa. Nyumbani ikawa vivyo hivyo. Mtoto alichangamka, akaanza kuuliza, akapanda mgongoni kwa babu yake na kumvuta masikio, lakini akija na bakuli au kikombe, mdomo ulifungwa. Binti alikuwa anazungumza na baba yake mambo ya lazima: sabuni imekwisha, mlango haufungi vizuri. Jumatatu mzee alivaa shati la ofisini, akaenda kwa mwalimu mkuu akamwambia kuhusu ulimi wake. Hakuniambia mwalimu mkuu alimjibu nini, wala mimi sikumwuliza. Ninachojua ni kwamba Mama Masufuria aliitwa siku ya pili, akahamishwa kutoka kwenye beseni, na sasa anaonja chakula hadharani, kwa kijiko chake.

Jumatano binti alikuwa amebakiwa na siku moja ya ruhusa. Alikuwa uani anaanika nguo. Bwana Mkono alikuwa amepika wali laini na kiazi. Alitia chumvi kwa kijiko cha chai, akakisawazisha kwa kisu, akasoma karatasi ya binti yake mara mbili kama mwanafunzi. Wali ulipopoa akaupakua, akauweka kwenye mkeka mlangoni pamoja na kijiko. Kisha akarudi nyuma akakaa kwenye ngazi, mbali kidogo, maana alishajifunza kwamba akikaa karibu mtoto hali. Alikuwa anangoja binti amalize aje aonje.

Chiriku alikaa mbele ya bakuli. Alilitazama, akamtazama babu yake. Akachota kijiko, akainuka, akaja nacho hatua kwa hatua, nusu ya wali ukimwagika njiani. Akakinyoosha mpaka kwenye mdomo wa mzee.

"Babu onja."

Binti alikuwa amesimama na shati la maji mikononi, halijafika kwenye kamba. Mzee alifungua mdomo. Aliusikia wali ni wa vuguvugu, umelainika vizuri, basi. Ingekuwa wiki mbili nyuma angesema ni mzuri, kwa sauti ya mpishi mkuu, na dunia ingeendelea.

"Babu hasikii," alisema. "Ulimi wa babu unaumwa. Onja wewe, uniambie."

Mtoto alifikiri. Akarudi kwenye bakuli, akachota kidogo, akatia mdomoni, akasubiri kidogo kama anavyosubiri mama yake. Akameza. Akachota kingine akala. Cha tatu alimletea babu yake, wakala hivyo, mmoja kwake na mmoja kwa mzee, wali ukiwajaa kwenye nguo.

Mama yake aliwatazama mpaka bakuli lilipofika nusu. Kisha, bila kuja kuonja, akawapa mgongo, akaendelea kuanika nguo.